Bosi na mpira wa kati: terapia niliyoanza vibaya na vile tuliigeuza

Nyumbani wanamwita Bosi na hapa nitamwita hivo hivo, jina lake la shule halihusiki. Alikuwa na miaka minane na miezi mitatu alipoletwa kwangu, gredi ya 3, anaishi Umoja na mamake na shosho yake, na aliyemleta siku ya kwanza ni shosho juu mama alikuwa kazini. Mimi ni OT, kazi yangu ni kusaidia watu waweze shughuli zao za kila siku, ingawa hapa Nairobi wazazi wote wananiita daktari na nimeshachoka kuwarekebisha.

Shosho hakuja na barua ya hospitali wala nini. Alikuja na kiatu. Alikitoa kwa mfuko akakiweka juu ya meza yangu, kiatu cheusi cha shule, kisigino kimekanyagwa mpaka kimelala kabisa, kimekuwa ndala. "Hiki ni cha tatu mwaka huu," akasema, na ilikuwa Mei tu. Bosi hawezi kufunga kamba, na akifungiwa zikifunguka hapo katikati ya siku hakuna wa kumfungia, kwa hiyo anakanyaga kisigino na kuburuta.

Hadithi yenyewe ilitoka vipande vipande. Bosi alizaliwa miezi saba, akakaa nasari ya hospitali wiki kadhaa. Alichelewa kidogo kutembea, si sana, lakini kuongea ndo hadi leo humwezi, atakusimulia mechi nzima ya Gor kama mtangazaji na hajawahi kupiga mpira teke ukaenda mahali alitaka. Shida ilijitokeza alipoingia shule. Vifungo vya shati vinampita, chai inamwagika, anagonga fremu ya mlango ambao amepita kila siku tangu aanze kutembea, na break inaisha bado anapigana na kifuniko cha kontena ya chakula, so chakula kinarudi nyumbani na shosho akawa anafikiri anachagua. Kuandika sasa usiseme. Ticha akiandika ubaoni wenzake wanamaliza yeye ako mstari wa pili, herufi zingine zimepanda juu zingine zimeanguka chini ya mstari. Ripoti ya muhula wa kwanza ilikuwa imeandikwa kwamba ni mvivu. Lakini swali hilohilo ukimuuliza kwa mdomo anakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Babake naye alikuwa hivo hivo," shosho akacheka, "huyo angeweza kujikwaa kwa kivuli chake." Nililiandika hilo, manake hizi vitu mara nyingi hutembea ndani ya familia, na kuzaliwa kabla ya wakati nako kunaongeza uwezekano.

Sasa, kabla mtu hajataja DCD, ile shida ya kuratibu mwendo nitakayoieleza hapo chini, kuna mambo lazima uhakikishe hayapo, na hapa ndo naona wengi wetu tunakimbia. Nilimlaza chali sakafuni nikamwambia ainuke bila kushika kitu. Mtoto akiinuka kwa kupanda mapaja yake mwenyewe na mikono kama mtu anapanda ngazi, na ndama za miguu zimejaa kuliko kawaida, huyo simpi zoezi hata moja, anaenda kwa daktari wa watoto wiki hiyo hiyo, inaweza kuwa ugonjwa wa misuli wenyewe. Bosi aliinuka kwa fujo lakini aliinuka vizuri. Nikauliza kama kuna kitu alikuwa anakiweza zamani halafu akaacha kukiweza, nikaambiwa hapana, na hilo swali wazazi huwa hawaliulizwi kabisa na ni la maana sana. Nikaangalia kama upande mmoja ni mgumu kuliko mwingine. Macho yakapimwa. Daktari wa watoto akampima misuli na neva, hakuna dalili ya selebro polsi, ule ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo, na akili yake hata haikuwa swali.

Hapo ndo tukabaki na DCD, yaani shida ya ukuaji kwenye kuratibu mwendo. Jina hilo wataalamu walikubaliana nalo 1994 kwenye mkutano uliofanyika London, ile ya Ontario kule Kanada, kabla ya hapo vitabu vilikuwa vinawaita tu watoto wazembe wa mwili, na Uingereza wengi bado husema dispraksia. Si ugonjwa wa misuli na si akili. Mtoto mwenyewe ana nguvu, ana hamu, ila ubongo unachelewa kukadiria mwili utafika wapi na lini, kwa hiyo kila kitu ambacho wengine hukifanya bila kufikiria yeye anakifanya kama mara ya kwanza. Inakadiriwa ni watoto 5 hadi 6 kwa kila 100 wa miaka 5 hadi 11, wavulana wakizidi wasichana. Darasa la watoto 60 piga hesabu mwenyewe, ni kama watatu, na mimi sijawahi letewa watatu kutoka darasa moja, wale wengine wako huko wanaitwa wavivu. Karibu nusu yao pia huwa na shida ya umakini ile inaitwa ADHD, Bosi hakuwa nayo, angalau hapo tulipumua.

Mama alijaza lile dodoso la maswali 15, DCDQ, na mimi nikafanya kipimo kinachoitwa MABC-2. Kina vigingi vya kupachika, kamba ya kupitisha kwa matundu, kuchora ndani ya njia, kudaka, kurusha, kusimama mguu mmoja kwa ubao, kurukaruka. Kwa kudaka unarusha mpira wa tenisi ukutani na kuudaka kwa mikono miwili, mara kumi, na wa miaka 7 na 8 wanaruhusiwa udunde mara moja chini. Bosi alidaka mmoja. Huo mmoja ulimgonga kifuani ukakwama kwa sweta, nikampa, nisamehewe. Jumla yake ilikuwa pasentaili ya 2, maana yake watoto kama 98 kwa 100 wa umri wake wanamshinda, na kile kipimo kina rangi kama taa za barabarani, chini ya 5 na 5 yenyewe ni nyekundu. Lakini hao 100 ni watoto wa Uingereza, kwa hiyo namba hizo nilizichukua kwa tahadhari na nikategemea zaidi kile kiatu.

Sasa nifike kwa kosa langu, na ndo sababu ninaandika hiki kisa.

Miezi mitatu, Mei hadi Julai, nilimfanyisha vitu vya kliniki. Ule ubao wa kuyumba. Kutambaa kama dubu, kutembea kama kaa. Kutunga shanga. Kubana vibanio vya nguo. Mpira mkubwa wa kukalia. Nilikuwa na imani kwamba nikiimarisha msingi, tumbo, mizani, vidole, basi kamba za viatu na mwandiko vitafuata vyenyewe. Hivyo ndivyo nilifundishwa na ndivyo vifaa vyenyewe vinavyokutega, ukishanunua ubao wa kuyumba utatafuta mtoto wa kumsimamisha. Na Bosi alikuja mzuri! Dakika mbili juu ya ubao bila kushika ukuta. Niliandika kwenye faili "maendeleo mazuri" na nikajisikia fundi.

Mwisho wa Julai mama akaja mwenyewe. Ni mama mpole sana, aliomba ruhusa kazini, na akasubiri Bosi atoke nje ndo aseme. "Daktari, usiniskie vibaya. Huyu anasimama kwa hiyo mbao mpaka nashangaa. Lakini asubuhi bado mimi ndo namfunga viatu, na jana tena amerudi analia juu ya ule mchezo wa kati." Akanyamaza kidogo. "Hiyo mbao haiko kwetu nyumbani."

Nikakosa la kusema. Nauli ya watu wawili kutoka Umoja, pesa ya sesheni, ruhusa ya kazi, wiki kumi na mbili, na nimemfundisha mtoto kusimama juu ya mbao.

Si ati hakukuwa na habari. Mwongozo wa kimataifa wa DCD uliotoka 2019 unasema wazi ufundishe shughuli yenyewe ambayo mtoto anaihitaji, na kabla yake ule wa 2012 ulikuwa umeelekea huko huko. Mazoezi ya kurekebisha eti kilicho chini ya shida, mizani peke yake, hisia peke yake, ushahidi wake ni hafifu na mara nyingi kile mtoto anachojifunza hakihami kwenda kwa kingine. Nilikuwa nimeusoma. Kusoma na kuacha mazoea ni vitu viwili tofauti.

Agosti tukaanza upya, na njia niliyofuata ni ile inaitwa CO-OP, iliyotengenezwa Kanada na Helene Polatajko na Angela Mandich. Kwa ufupi mtoto anachagua mwenyewe vitu vitatu anavyotaka kuviweza, halafu kila kimoja mnakipitisha kwa maneno manne, lengo, mpango, fanya, angalia, na kwa kawaida huwa ni sesheni 10 hivi. Kinachosumbua mtu kama mimi ni kwamba hutakiwi kumwambia mtoto suluhisho. Unamuuliza mpaka alione yeye. Kwa mtu aliyezoea kusema "kunja goti, nyoosha mkono" ni kama kufungwa mdomo na gundi.

Bosi alichagua kati, kamba za viatu, na baiskeli. Mama akataka mwandiko uwekwe. Tulivutana kidogo hapo, na nikasimama na mtoto, manake kitu ambacho hajakichagua hatakihangaikia nyumbani, mwandiko tukaamua tutaushughulikia upande wa shule. Nikamuuliza kila kimoja anajiona wapi kati ya 1 na 10. Kati akajipa 1. Kamba 2. Baiskeli 1, akaongeza, "hata hiyo moja ni juu nimewahi kukalia."

Kwa mwenye hakukulia estate, kati ni hivi. Wawili wanasimama pande mbili wanarushiana mpira, walio katikati wanakwepa, wakati mwingine kuna chupa ya kujaza mchanga huku unakwepa. Mimi nilidhani Bosi anataka kukwepa. Kumbe kukwepa alikuwa hata hapewi nafasi ya kujaribu, kazi yake ilikuwa kuokota mpira ukipotea, na alichotaka ni kuwa mrushaji. Mrushaji lazima adake, ukikosa wenzako wanapoteza dakika nzima mpira ukienda chini ya magari, ndo maana hakuna mtu anamtaka. Miezi mitatu sikuwa nimemuuliza.

Tulitumia mpira wa soksi. Zamani mpira wa kati ulikuwa wa majuala yamefungwa na kamba, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watoto wanashindilia matambara ndani ya soksi kuukuu, na kwa mtoto kama huyu ni heri, hauumi, haudundi ukatoroka, na unaruka polepole kuliko wa tenisi. Nikamrushia kutoka hatua mbili, akakosa, akakosa, akakosa. "Umeona nini?" Hajui. Nikamwambia basi tubadilishane, yeye anirushie na mimi nidake vile yeye hudaka, nikageuza uso pembeni na kufumba macho. Alicheka mpaka akakaa chini. "Anti, umefunga macho!" Halafu akanyamaza, akaniangalia. "Ni mimi hufunga?"

Mpango wake wa kwanza ulikuwa "nisifunge macho", na haukufanya kazi, kwa sababu mtu hawezi kufanya kutofanya. Tukaangalia tena. Akasema akipewa kitu cha kutazama atatazama. Shosho akashona kiraka chekundu kwa ule mpira na kazi ya Bosi ikawa ni kutazama kiraka mpaka kiingie mkononi, basi, mikono sikuitaja kabisa. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2015 ambapo watoto wenye DCD walifundishwa hasa mahali pa kuweka macho wakati wa kurusha na kudaka, na wakadaka vizuri zaidi, kwa hiyo kiraka cha shosho hakikuwa mchezo tu. Wiki ya tatu ikatokea shida mpya, macho yako kwa mpira lakini mikono inafunga ukishapita. Hapo yeye mwenyewe akaamua kusema "sasa" kwa sauti kabla haujafika. Alikuwa anasema mapema mno, halafu akachelewa, halafu siku moja ikakaa.

Kazi kubwa lakini haikufanyika kliniki. Shosho aliweka stuli kwenye korido ya ploti kila jioni ugali ukiwa bado, akiwa amekaa anamrushia mara thelathini, hatua mbili, tatu, wiki zikienda tano. Hawa watoto wanahitaji marudio mengi kuliko wengine, hakuna njia ya mkato hapo, na mimi kwa dakika zangu 45 kwa wiki nisingeyafikisha. Kisha msichana wa jirani akaanza kusimama mlangoni kuangalia. Akaingia katikati. Akaleta nduguye. Hakuna aliyepanga, lakini mwisho wa Septemba korido ilikuwa na kati yenyewe, mrushaji mmoja shosho, mwingine Bosi, na majirani wa chini wakilalamika kelele.

Kamba zilienda haraka, sesheni nne. Kwanza tuligundua zile kamba za duara za nailoni zinateleza, mama akanunua bapa. Bosi alichagua njia ya masikio mawili ya sungura, na sikio la kwanza lilikuwa linakufa kila akienda kutengeneza la pili. "Umeona nini?" Akasema hashiki shingo. Mpango ukaitwa "kamata kuku shingo", jina ni lake, anafinya pale chini ya kitanzi na hamwachi kuku mpaka sikio la pili limalizike. Nilikuwa na maneno yangu mazuri ya kitaalamu kuhusu kidole gumba na hayakuhitajika.

Baiskeli nisikudanganye haikuisha. Za kukodi pale kwa estate ni bob 20 kwa dakika kumi. Nilitaka tutoe pedali kwanza ili asukume na miguu ajifunze mizani ya baiskeli kwa baiskeli yenyewe, lakini kijana mwenye baiskeli akaniangalia kama nimemwambia auze figo. Akakubali kushusha siti tu. Bosi akasukuma na miguu Jumapili nne, pedali zikimgonga kwa miguu, akaanza kuteleza na miguu juu kwa umbali wa magari mawili yaliyopakiwa. Jumapili ya tano akaanguka akachubuka goti na wiki mbili hakutaka kusikia. Kufikia Novemba alikuwa anaenda moja kwa moja akipiga pedali, ila kuanza lazima ashikiwe na kona hawezi.

Upande wa shule nilikwenda mara moja na nilikuwa nimejitayarisha kwa vita, hakukuwa na vita. Ticha ana watoto zaidi ya sitini. Nilimwonyesha kipimo, nikamweleza kwa nini mtoto anajibu kwa mdomo na hawezi kuandika, akakaa kimya, akasema, "Na mimi nilikuwa namnyima break amalize." Huu mtaala ulioanza gredi ya kwanza 2019 una kazi nyingi za mikono, kukata, kufinyanga, kusuka, na ni jambo zuri kwa watoto wengi, lakini kwa Bosi kila kipindi ni mtihani wa kitu kilekile asichokiweza, si ati ni cha kuandika peke yake. Tulikubaliana anakili nusu ya maswali, mengine anajibu kwa mdomo, anakaa mbele, na ile kuandika anaegemeza daftari juu ya boksi faili iliyolazwa ili iwe na mteremko. Shati la PE anabadilisha dakika tano kabla ya wengine. Hayo yote hayana gharama.

Sesheni ya kumi na mbili ilikuwa Novemba. Kati akajipa 6, kamba 8, baiskeli 4. Kwa hicho kipimo cha kujipa alama badiliko la pointi 2 kwenda juu ndo huhesabiwa kuwa la maana, kwa hiyo zote tatu zilipita, hata baiskeli. MABC-2 nikarudia, akadaka mitano kwa kumi, lakini jumla ilitoka pasentaili ya 2 ikafika ya 5, bado nyekundu, na sehemu ya vidole haikusogea hata kidogo. Mama aliona ile rangi akashtuka. Nikamwambia DCD haiondoki, wengi wao hukua nayo hadi ujana na wengine utu uzima, kilichobadilika ni kwamba vitu vitatu, tuseme viwili na nusu, vimetoka kwenye orodha ya asivyoviweza. Akaniuliza na mwandiko je. Mwandiko bado. Nikamwambia hivyo hivyo bila kuuzungusha.

Ule ubao wa kuyumba bado uko kliniki. Watoto wanaupenda wakisubiri.

Januari wamefungua shule, gredi ya 4, shosho akamleta kuniona tena vile tulikuwa tumekubaliana. Kisigino cha kiatu kimesimama. Bosi akatoa karatasi mfukoni, ameandika mwenyewe vitu vitatu vipya anavyotaka. Cha kwanza tulikisoma, ni baiskeli kona. Cha pili shosho akasema ni tai. Cha tatu niligeuza karatasi juu chini, shosho akavaa miwani, tukampa mwenyewe asome, akakodoa macho weee, akasema amesahau alikuwa ameandika nini.